Hewa ya Siku Saba

"Alipaswa kufa," Nestor alisema. "Mwanzo kabisa wa daftari la pili, shemeji, ule muntu alipaswa kufa."

Émilienne alifunga daftari, akalilaza mapajani na kuweka viganja vyote viwili juu yake. Wanaume waliokuja barazani kwake baada ya misa walikuwa wamemsikiliza akisoma hadi mwisho bila hata kukohoa, na sasa hakuna aliyemtazama usoni.

Mwaka uliopita mume wake Désiré, karani wa telegrafu hapo Kindu, aliwaandikia wakubwa barua kuhusu wafanyakazi kuchapwa viboko. Walimchukua wakampeleka kambini, mbali sana huko mto unakoteremkia, bila kusema atarudi lini. Kutoka huko alituma daftari moja, mkononi mwa Sudi, baharia wa meli. Lilikuwa hadithi ya Kapteni Amisi, mtu wa Maniema aliyeunda chombo cha chuma akaupita mwezi. Jiwe likakigonga chombo chake. Redio ikavunjika, ikabaki hewa ya siku saba. Daftari liliishia siku ya sita, Kapteni akiitazama dunia dirishani, ndogo kama punje ya karanga.

Ulikuwa mwaka ule redio ilipotangaza kwamba Warusi wamerusha mwezi wa chuma angani, kwa hiyo hakuna aliyeicheka hadithi. Waliojua kusoma waliinakili. Wasiojua walisomewa, kutoka sokoni mpaka mtaa wa Mikelenge. Watu wazima walimlilia Kapteni Amisi.

Sasa, katika daftari la pili, ambalo Émilienne alisema limekuja kwa meli ileile, Kapteni alikuwa ametua kwenye nyota, anapumua, amelima shamba la muhogo.

"Siku saba ni siku saba," Nestor aliendelea. Alikuwa fundi wa garimoshi, na mikono yake ilikuwa na mafuta hata Jumapili. "Désiré alikuwa anakuja kwangu depo kuuliza mvuke unakaa namna gani ndani ya chuma. Kila msumari wa kile chombo niliupima mimi. Hii hewa ya sasa imetoka wapi?"

"Aliikuta kwenye nyota."

"Na redio? Ilivunjika vipande. Leo anamtumia mama yake habari kila wiki."

"Ameitengeneza."

"Kwa chuma gani?"

"Kwa vifungo vya koti," Émilienne alisema. "Ukurasa wa tisa. Hukusikiliza."

Kasimu, mshonaji, aliguna. "Mimi mambo ya vyuma siyajui, shemeji. Lakini tangu lini Kapteni anajua kupika sombe? Anatwanga majani ya muhogo, anaweka mawese, kurasa tatu nzima. Katika daftari la kwanza hakujua hata kuchemsha maji."

"Muntu akibaki peke yake anajifunza."

Wawili watatu walicheka kidogo. Nestor hakucheka. Aliinama mbele, sauti yake ikashuka.

"Tusikilize, shemeji. Sisi tunamupenda Désiré, njo maana tunasema. Ile siku ya sita ilikuwa kitu kikubwa. Kapteni alikuwa anakufa kama mwanaume, macho kwenye dunia yake. Sasa amemfufua ili alime muhogo. Ni kama ametudanganya tulipolia."

"Mulilia," Émilienne alisema, "halafu mukaenda nyumbani kula."

Kasimu alianza kuokota nyuzi kwenye suruali yake.

"Ninyi munataka afe vizuri," aliendelea, na sasa kidole chake kilikuwa kikisugua ukingo wa daftari. "Na wanaomungojea? Yule mama yake kule chini, anayeangalia juu kila jioni? Munataka aambiwe nini? Kwamba hesabu ya hewa ilikuwa sawasawa?"

Pembeni mwa mlango, mama yake Désiré alikuwa akimenya karanga. Mwanamke huyo mzee hakujua kusoma. Tangu mwanawe achukuliwe alihamia kwa mkwewe, na kila daftari lilisomwa mara ya kwanza mbele yake. Alisikiliza mabishano yote bila kuinua kichwa. Maganda yaliendelea kuanguka ndani ya sinia.

Nestor alimtazama mama huyo, akaona haya. Akasimama, akachukua kofia yake.

"Nitamwandikia mwenyewe," alisema. "Meli inaondoka Jumatano. Nitamueleza pole pole, atasahihisha. Nipe hilo daftari nikaorodheshe kurasa zenye makosa."

"Daftari halitoki hapa." Émilienne alilivuta kifuani. "Na barua uniletee mimi, niitume pamoja na yangu."

Wakaaga mmoja mmoja, wakamwinamia mama mzee, wakashuka kuelekea mtoni. Njiani Kasimu alisikika akisema kwamba kambi imemharibu Désiré, kwamba hata namna yake ya kuandika si ile. Nestor alimwambia anyamaze.

Émilienne alibaki amekaa. Koo lilikuwa limemkauka kwa kusoma na kwa kubishana. Mama mkwe aliisukuma sinia kando, akapangusa mikono kwa kitenge, akaja kuketi karibu naye kwenye mkeka, mabega yakigusana.

"Wamekusumbua sana," alisema.

"Hawajui kusikiliza, Mama. Daftari la tatu litawanyamazisha. Kapteni anaanza kutengeneza chombo cha kurudia duniani."

Mama mzee aliuchukua mkono wa kulia wa mkwewe, akaugeuza, akakifuta taratibu kwa kidole gumba chake kile kidole cha kati, pale wino ulipokuwa umeingia ndani ya ngozi.

"Hilo la tatu usiliandike, mwanangu," alisema. "Sudi aliniambia tangu kiangazi kwamba Désiré wamemzika, na mimi nimechoka kumlilia peke yangu."