Bao la Mia

Saa kumi na dakika arobaini alasiri, mpira wenye umbo la yai ulikwaruza mlingoti wa goli, kisha ukapita ndani. Aliyeona ni mmoja tu: Tindwa, mwamuzi wa goli, aliyesimama chini ya mlingoti huo na koti lake jeupe. Kwa sheria za mchezo huo, mpira uliogusa mlingoti ni pointi moja, na hupungiwa bendera moja. Bao safi hupungiwa mbili.

Lakini mashabiki walikuwa wameshamwagika uwanjani kumshangilia Ngoda, aliyepiga mpira. Katika ligi ile hakuna aliyewahi kufikisha mabao mia kwa msimu. Rekodi ilikuwa tisini na tisa. Ngoda aliifikia wiki iliyopita. Aliyeiweka ni kaka wa Tindwa, ambaye sasa ni marehemu.

Wakamzunguka mwamuzi hadi mgongo wake ukabanwa kwenye mlingoti.

"Punga mbili, mzee! Unangoja nini?"

"Anamlindia kaka yake," mama mmoja alicheka. "Kumbe marehemu naye kapangwa kikosini leo!"

Ngoda alishuka mabegani mwa watu, akamsogelea na kunong'ona, "Mpira umegusa mlingoti?"

"Umegusa."

"Mzee wangu, mama yangu yupo pale. Na wewe, nani atakuamini?"

"Hakuna," Tindwa alisema.

Akachomoa bendera moja, akaipunga juu ya vichwa vyao. Kelele zikakatika. Akaishusha, akangoja wampishe. Hakuna aliyesogea.