Diski Isiyotaka Mapacha

Sheria ya kuhifadhi data ilikuwa moja tu: kitu kimoja, nakala moja. Ndiyo maana diski mpya ya Nyamizi, kubwa kuliko ya zamani mara kumi, ilipomaliza kuhamishiwa picha za familia, ilikuwa na binti mmoja badala ya wawili.

"Sura zilizofanana zimeondolewa, Mama Kulwa," alisema fundi Sendama. Diski ya zamani ilikuwa imeshasagwa, kama sheria ilivyotaka.

"Zilizofanana?" Nyamizi aliwaka. "Nilizaa mapacha, sikuzaa nakala! Niliwashonea gauni za kitambaa kimoja kwa sababu kwetu ukimpa Kulwa, sharti umpe na Doto. Doto wangu alikufa mdogo, nikamzika. Leo mnamzika tena? Kwenye diski kubwa namna hii, mtoto mmoja amekosa pa kukaa?"

"Mashine haina nia mbaya, mama."

"Basi aliyeiagiza anayo!"

Alifika nyumbani bado anafoka. Akafungua picha ya siku waliyoanza shule. Yeye mwenyewe alisimama katikati. Mkono wake wa kulia ulimshika mtoto. Wa kushoto ulishika hewa, na pale aliposimama mtoto wa pili mashine ilikuwa imeotesha majani mazuri ya kijani.

Kulwa, sasa mtu mzima, aliinama begani kwa mama yake, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, huyu aliyebaki ni mimi, au ni Doto?"

Nyamizi, ambaye hakuwahi kuwachanganya hata gizani, aliukuza uso ule mpaka ukajaa skrini, akaanza kuutafutia jina.