Kanuni Nyepesi

Alishikwa na kiu hata kabla hajaketi. Jagi la maji lilikuwa mbele yake. Lakini aliogopa kuyamwaga mbele ya wakubwa wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kifaranga," aliitikia mzee mwenye mvi, ng'ambo ya meza. Ndilo jina la utani alilompa darasani, enzi za sare na soksi nyeupe. "Usiogope, mwanangu. Tunazungumza tu."

Maprofesa wawili waliokaa kando wakatabasamu. Yeye akazidi kuona haya.

Hoja ya mtihani huo wa uzamivu ilikuwa sarufi ya kale ya Kisanskriti: je, nadharia za leo zimeongeza chochote juu yake? Mzee hakuchelewa.

"Kanuni mbili zikigongana, ipi inashinda?"

"Kwa nadharia za leo, iliyo nzito, Mwalimu. Nyepesi huvunjwa. Ulimi wetu haupendi konsonanti zisongamane, wala haupendi kuongeza irabu isiyokuwapo. Hata hivyo watu husema *kilabu* badala ya *club*. Wamevunja moja kuinusuru nyingine."

"Kuvunja!" Mzee akagonga meza kwa kidole, kama zamani. "Wale wataalamu wa kale hawakuvunja kitu. Iliyotajwa baadaye ndiyo hushinda. Basi!"

Alitamani anyamaze. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kuyapenda maneno, akamwazima vitabu, akaenda hadi nyumbani kumbembeleza baba yake asimwachishe shule. Lakini swali lilikuwa limemkaba rohoni.

"Na kanuni mahususi inapoishinda ya jumla, ingawa yenyewe ndiyo iliyotangulia? Sarufi hiyo imejaa mifano ya namna hiyo, Mwalimu."

Mzee akarekebisha tai yake. Akakohoa.

"Hilo... hilo si la leo."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Uso ulimwaka. Alijihisi kama mtu aliyemvua mzazi wake nguo mbele ya wageni.

Profesa mmoja akaomba faragha kidogo. Mlango ukafungwa. Yeye akabaki ameinamisha kichwa, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Ulipofunguliwa tena, alisimama. Mzee naye alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Yeye hakuweza kumtazama usoni. Akaitazama tai yake.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema. "Watahini tumeshauriana sote watatu. Hukufaulu."