Mizizi Iliyotoboa Mfuko

Bi Apolonia alitaka waridi la kupanda kwenye kaburi la mwanawe, lisilohitaji mtu wa kulitunza.

“Hili hapa, mama,” alisema muuza miche. “Lina miiba, mbuzi hawaligusi. Ulimwagilie miezi mitatu tu, likishashika mizizi litajitegemea.”

Bi Apolonia alitazama safu ya nyuma ya miche. Asubuhi ile daktari alimwambia huenda asiimalize hata miwili.

“Na lile la kule nyuma?”

“Lile limedumaa, mama. Mwaka mzima halijatoa ua, na mizizi imeshatoboa mfuko ikashika ardhini.”

“Basi nipe hilo.”

Aliinama kuliinua mwenyewe, likagoma. Akapiga magoti, akaanza kuifukua mizizi polepole, kama anayefungua vidole vya mtoto aliyelala huku ameng'ang'ania kanga ya mama yake.