Komeo Hajathibitishwa

“Huyu simuui,” alisema Bi Taazia, mwandishi wa habari za vifo gazetini, akaisukuma picha ikarudi upande wa pili wa meza.

Kona, mwandishi wa michezo, akaisukuma tena. Ilikuwa picha ya kipa aliyeruka, mwili mzima hewani, mpira ameufikia kwa kucha tu. Nchi nzima ilimwita Komeo.

“Dada, watu wanalia huko nje. Redio zote zimesema kafa alfajiri.”

“Redio ni nduguye?”

Lilikuwa toleo la kufunga mwaka, na saa sita kamili usiku kurasa zinakwenda mtamboni. Mwaka wote ulikuwa umeshapangwa: waziri aliyejiuzulu Machi na kujirudisha Aprili, uchaguzi uliorudiwa, mgomo wa walimu, timu ya taifa iliyotolewa kwa penalti na kocha wake aliyesema kosa ni la nyasi. Ukurasa wa Waliotutoka tu ndio uliobaki na tundu, ukubwa wa kiganja, kati ya mwimbaji mmoja na jaji mstaafu.

Mwaka uliopita walimweka balozi mstaafu kwenye ukurasa huo huo. Kesho yake balozi akapanda ngazi mwenyewe, gazeti kwapani, akaomba kwa upole aonyeshwe kaburi lake. Ofisi ilicheka wiki nzima, isipokuwa Bi Taazia, aliyepewa barua: likitokea tena, kazi basi. Tangu hapo sheria ikawa moja. Hafi mtu gazetini mpaka ndugu wa damu aseme kwa mdomo wake, na lazima ijulikane ni ndugu gani.

“Basi wapigie,” Kona alisema.

“Nimepiga. Hawapokei.”

Simu yake ilikuwa mezani, kioo kimelala chini. Tangu asubuhi Kona hakumwona akiigusa.

Kona akavuta droo ya taazia za akiba, zile za wakubwa walio hai, zilizokamilika kila kitu isipokuwa tarehe. Walikuwemo marais wawili wa zamani, maspika, hata mwigizaji anayeumwa mahututi kila mwaka na kupona kila mwaka.

“Si nasikia hata mimi nimo humu?”

“Umo. Mistari miwili.”

“Mungu anakuona. Na Komeo?” Akapekua mpaka chini. “Mtu wa miaka sabini na nne, ana sukari, kalazwa mara tatu mwaka huu, na hukumwandikia?”

“Sikufika kwake.”

Mhariri mkuu akachomoza kichwa mlangoni. “Saa tano na robo, jamani! Tundu lile lisipojaa, kesho tutakuwa gazeti pekee nchini ambalo Komeo bado anadaka.”

“Na likijaa kwa uongo, bosi?”

“Barua unayo, mama. Usinisomeshe.”

Kona hakungoja zaidi. Ana namba za kila mtu, hadi za mashemeji wa marefa. Akapiga, akatoa pole mfululizo, kisha akamkabidhi Bi Taazia simu. “Mtoto wake mkubwa huyo. Maliza.”

Aliipokea kama mtu aliyepewa sufuria la moto. “Pole, kaka.” Akakohoa. “Natoka gazetini. Naomba nisikie kwako mwenyewe.”

“Ni kweli, dada. Mzee katuacha saa kumi na moja. Nilikuwa naye.”

Bi Taazia akafumba macho. Kona alishamwona akiwazika watu arobaini mwaka huu huku anatafuna kalamu na kuulizia chai. Leo alikuwa ameishika meza kwa mkono mmoja.

“Alisema lolote?”

“Aliuliza kama mechi imekwisha.”

Bi Taazia akaliandika hilo.

“Na ameacha…?”

“Mjane na watoto watano. Andika watano, tafadhali. Kwenye misiba ya watu wakubwa hawakosi wa kujitokeza na maneno yao.”

“Nimesikia.”

Akaandika nusu saa bila kuinua kichwa. Kona alisimama nyuma yake akisoma, utani ukamwisha mdomoni. Taazia ilisema goti lililomstaafisha Komeo lilikuwa la kulia, si la kushoto kama maktaba yao ilivyoandika miaka yote. Ilisema alipiga mluzi chini chini kila alipofunga kamba za viatu. Ilisema akifungwa goli hakulala, alikaa barazani mpaka kunakucha, na mtu asimsemeshe.

“Haya umeyatoa wapi? Mimi nimemfuata miaka ishirini, sijayasikia.”

“Watu wanaongea.”

“Watu gani hao wasioongea na mimi?”

Bi Taazia akaendelea kuandika.

Zilipobaki dakika tano, mhariri mkuu akaja na ukurasa mkononi. Chumba kizima kilikuwa kimesimama kumngoja, kila mtu roho juu.

“Nzuri,” alisema. “Nzuri mno, mama, imenigusa. Ila hapa mwisho. Kona anasema mtoto mkubwa katamka watoto watano. Wewe umeandika sita.”

“Sita, ndiyo.”

“Familia itatuvamia kesho asubuhi! Unajua utaratibu, na unajua barua inasema nini. Nikuulize mbele ya wote hawa: huyo mtoto wa sita, ndugu gani wa damu amemthibitisha?”

Bi Taazia akasimama, akajifunga vizuri mtandio wake kichwani.

“Mimi,” alisema. “Ni baba yangu.”