Kabati la Vioo la Vahwere

Tantine Kanyere alisimama katikati ya salon, sebule iliyojaa ndugu, akamnyooshea Vahwere kidole mbele ya watu wote, akauliza: "Weye iko na miaka ngapi?"

"Trente-neuf, tantine."

"Trente-neuf! Karibu makumi ine, na bado unacheza vitu ya batoto."

"Sichezake, tantine. Ninakusanya tu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, pamoja na majirani waliojazana dirishani. Heri angesema anacheza.

Ndivyo kesi ilivyoanza mchana ule, mtaa wa Saio, nyumbani kwa Muzee Ephraïm, baba yake Jeannine. Vahwere alikuja kumchukua mke wake. Wiki tatu zilizopita, jioni ya dimanche, yaani Jumapili, Jeannine alitoka nyumbani kwa mumewe, mtaa wa Lumumba, na valisi moja ya nguo, bila kusema neno, akarudi kwa wazazi. Mbuzi wa kuomba msamaha alikuwa amefungwa nje. Na Muzee alishatangaza: wasipoelewana leo, atarudisha mbuzi wa mahari, ndoa iishie hapo.

Kisa chenyewe kilijulikana mpaka sokoni. Vahwere, muuza pièces, yaani vipuri vya pikipiki, alikuwa na kabati la vioo, vitrine, lililojaa michezo ya mkononi, majeu kama wanavyoiita, ile ya vibonyezo viwili vitatu na kioo kidogo kama cha saa. Thelathini na moja! Na usidhani ni ya zamani kweli. Watengenezaji wa ng'ambo wamechoka kubuni, basi wanafufua mchezo uliokufa miaka ya tisini, wanaupaka rangi ya pipi, wanautia kwenye katoni nzuri, na mwanaume mzima mwenye ndevu anaununua mara ya pili. Mchezo mmoja alikuwa nao mara nne: mwekundu, wa bluu, wa kijani, wa njano. Ndani, ni uleule. Nani ameona mtu akinunua sufuria moja mara nne kwa sababu ya rangi ya mfuniko?

Kucheza, hachezi. Anaipangusa kwa mswaki, anaipiga picha, anawatumia wenzake wa Kampala, wagonjwa kama yeye. Lalamiko lake lilikuwa moja tu: betri. Ziliisha zenyewe humo kabatini, eti fabrique, viwanda vya siku hizi, ni wezi. Jeannine alimsikiliza kwa upole, akamwambia anunue zingine.

Sasa, kwa desturi ya ukoo ule, mwanamke aliyekimbilia kwao haulizwi kitu mpaka mwisho wa kesi. Dada ya baba ndiye mdomo wake. Na Tantine Kanyere hakuwa mtu wa kuhitaji kuongezewa mdomo. Jeannine alikaa kwenye mkeka nyuma yake, kitenge mabegani, kichwa chini.

"Mutoto wetu aliolewa na bwana," Tantine aliendelea, "kumbe ameolewa na vitrine! Akipita na sahani, anaambiwa: angalia kioo! Mugeni akikuya, anaonyeshwa majeu mbele ya kuonyeshwa muke! Siye tunajua shida yake. Hakuna hata lazima ya kumuuliza."

"Ni kweli!" watu wakaitikia.

"Tulikutumia neno gani, Vahwere?"

"Nisikanyage hapa kama majeu iko bado kwangu."

"Na iko wapi?"

"Niliuzisha. Ilipanda gari ya Kampala juzi. Saa hii imekwisha kuvuka mupaka ya Mahagi."

"Yote?"

"Yote, tantine. Hata moja haikubakia."

Vigelegele vikapasuka. Mtu akapiga meza. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, Jeannine aliinua kichwa, na machozi yalikuwa yanamchuruzika.

"Mumuone!" Tantine akapaza sauti. "Analia na furaha, mutoto ya kaka yangu!"

Vahwere naye akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetoka makaburini. Aibu gani hiyo, kuililia plastiki mbele ya wakwe! Mbuzi kule nje alikuwa na heshima kumpita. Lakini aliiuza, kwa ajili ya mke wake, na hilo hata wale wa dirishani walilikubali. Mmoja alisema polepole kwamba wanaume wa namna hiyo siku hizi ni wachache.

Muzee Ephraïm akakohoa. Lilibaki swali la mwisho, lile ambalo tangu zamani za nyumba ile hujibiwa kwa neno moja tu.

"Jeannine, binti yangu. Bwana yako ameona kosa yake, ameitupa. Unakubali kurudia kwake?"

Tantine alishafungua kinywa tayari kwa kigelegele cha kufunga kesi.

Jeannine alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Papa, ile vitrine haikunisumbuaka hata siku moja. Ile jeu ya kijani, nimeicheza miezi tano, yeye akiwa ku boutique. Ilibakia mulango moja tu, ile ya mwisho, nimalize jeu yote. Dimanche ile akaifungua, akafuta yote ya ndani, pamoja na kila fasi nilikuwa nimefikia, eti ifanane mupya. Njo sababu nilitoka."

Akamtazama Tantine, kisha mumewe.

"Nilikuwa nangojea tu akuje anichukue, nianze tena. Sasa nirudi kule kufanya nini?"