Zamu Yetu ya Kilutheri

Kila baada ya miaka saba, mitaa hubadilishana madhehebu, ili pasiwe na mtu wa kuzoea kumchukia mwenzake. Mwezi uliopita tulikuwa Wakatoliki. Sasa sisi ni Walutheri. Rozari zetu wanazo watu wa ng'ambo ya mto, nasi tuna vitabu vyao vya nyimbo. Kifaa cha amani kilichobandikwa ukutani, ambacho huwaka nyekundu na kulia kikisikia chuki, hututazama tukisali mezani.

Mimi mkono umenigomea. Tukisema amina tu, unapanda wenyewe kwenye paji la uso kupiga ishara ya msalaba, nami najifanya najikuna. Mume wangu, Kanuti, amenikanya mara mbili.

Binti yetu Fausta, mwenye miaka sita, hana shida hiyo. Leo amerudi kutoka shule ya Jumapili akiruka ruka.

"Mama, wale wa ng'ambo wanaabudu sanamu!"

"Fausta, mwezi uliopita hao walikuwa sisi."

"Najua. Lakini sasa si sisi."

Kifaa kilibaki kimya, taa yake ikiwa ya kijani. Hakikuona kosa.

Nikamvua gauni nikalifue. Mfukoni nimekuta mawe matatu, yote ya kuenea kiganjani mwake.